Ndoo ya Maji Juu ya Injini

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi kutoka Ilemela alikuja kuniamkia. Alinikuta barazani nachambua mchele, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akavuta kigoda akakaa. Ni kijana mwenye adabu, na mikono yake ina akili. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi. Akaniambia kuna hoteli moja kando ya ziwa imenunua lori la zamani la jeshi, lile tulilokuwa tukiliita Mrusi, na inataka kuwapandisha wageni na watoto wao, iwapitishe ufukweni, waingie majini kidogo, wapige picha. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulifufua. Ameng'oa mfumo wote wa zamani wa cheche, akafunga wa kisasa usio na platini. Lori linawaka ukigusa tu ufunguo.

"Umelimwagia maji?" nikamwuliza.

Akacheka. "Bibi, siku hizi hayo mambo hayapo."

Mimi sikucheka. Nilimpa chai, akanywa, akaaga, na alipoondoka niliona kwamba ule mchele nilikuwa nimeuchanganya upya na mawe yake. Hasira ilinipanda, na kwa umri wangu hasira ikipanda inachukua muda kushuka. Kwa hiyo naandika. Namwandikia yeye na ninyi wenzake wote mnaofungua boneti za magari yaliyozaliwa kabla yenu, na msitegemee kwamba nitaandika kwa upole.

Jina langu ni Minza, lakini gerejini waliniita Mama Cheche, hata watu wazima kunizidi. Kazi yangu ilikuwa umeme wa magari, na hasa magari ya jeshi yanayotumia petroli. Niliianza nikiwa msichana, nilipokwenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya shule. Wenzangu walipangiwa jiko na bustani. Mimi nilipelekwa karakana kwa sababu aliyekuwa anapanga alidhani Minza ni jina la kiume. Alipoligundua kosa lake nilikuwa nimeshajua kutega platini, na Sajini Wambura akakataa kunirudisha.

Huyo Sajini Wambura ndiye mwalimu wangu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Siku ya kwanza nilipomaliza kazi peke yangu nilisimama wima nikamwambia, "Afande, gari linawaka."

"Kivulini hata jiko linawaka," akasema. "Leta ndoo."

Nilileta ndoo ya maji ya ziwa nikidhani anataka kunawa. Akaamuru injini iwashwe, boneti ifunguliwe, na mimi mwenyewe nimwage ndoo nzima juu ya injini inayonguruma. Nilimwaga. Lori likakohoa, likapiga chafya, likanyamaza. Sajini akaondoka kwenda kunywa chai yake bila kunitazama, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Pale karakana hakuna gari lililohesabiwa limepona mpaka limeonja ndoo. Na ndoo ulikuwa mtihani mdogo. Likishinda ndoo lilipelekwa ziwani kwenye kina cha kiuno, na fundi aliyelitengeneza hakukaa ndani na dereva. Alipanda madigadi, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, mguu mmoja juu ya bampa, mkono kwenye taa, akaingia majini pamoja na kazi yake. Likizimika, wa kwanza kuloa ni yeye na wa kwanza kusukuma ni yeye. Mwenzangu Doto, kijana wa Magu tuliyejifunza naye, alisukuma mara nyingi mpaka tukamwambia samaki wanamjua kwa jina. Lakini alijifunza. Hakuna mtu anayelegeza nati akijua kesho atapanda madigadi.

Sasa nigombe kwa utaratibu, maana najua wengine mmezaliwa mmekuta kompyuta ndani ya gari.

Dizeli haihitaji cheche, hiyo iacheni pembeni. Injini ya petroli bila cheche ni chuma tu. Petroli na hewa vinaingia kwenye silinda, vinabanwa, halafu plagi inavitia moto. Cheche inatoka kwenye koili, na anayeiamuru koili iteme ni platini, vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa. Vikiachana, cheche inazaliwa, na distributa inaigawa kwa kila silinda kwa zamu yake. Maji yakiingia mle ndani, cheche inatorokea kwenye chuma na plagi inabaki na njaa. Anayekwambia kuna uchawi zaidi ya hapo, mkimbie.

Lori la jeshi liliumbwa na watu wanaojua kwamba vita haingoji kiangazi. Distributa yake imefungiwa ndani ya kopo la aluminiamu lenye mpira kwenye midomo yake. Waya za plagi zimevishwa mipira, na juu ya mipira umesukwa wavu wa shaba, na kila mwisho umekazwa kwa nati. Ule wavu wa shaba ulikuwa kwa ajili ya redio, ili cheche zisipige kelele kwenye mawasiliano ya wanajeshi. Mipira na nati ni kwa ajili ya maji. Hivyo ni vitu viwili, na fundi asiyejua kipi ni cha nini atatupa kile kinachookoa watu.

Kuna bomba dogo pia, linalotoka kwenye kopo kwenda kwenye chujio la hewa. Hilo ni la kupumulia. Sajini alisema distributa inatoa jasho kama mtu, ukiifunga kabisa inajinyonga. Nilikuja kumwona fundi mmoja pale Mabatini aliyeliziba bomba hilo kwa gundi ya kuzibia matairi, akijisifu kwamba sasa maji hayaingii kamwe. Ni kweli hayakuingia. Haikupita muda tukafungua, ndani kote kumeota kutu ya kijani, platini zimekuwa kama meno ya mzee. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemroga.

Na yule wa rezista je? Kwenye Mrusi koili haikuumbwa kumeza nguvu zote za betri. Njiani kuna rezista, kipande cha kauri kilichozungushiwa waya, kinachoipunguzia koili ulaji. Kwa kazi hiyo lazima kipate moto. Basi akaja bingwa mmoja, akakigusa, kikamuunguza kidole, akasema hapa kuna shoti. Akakiruka kwa waya. Lori likawaka kwa furaha ya ajabu, likabeba mpunga wa watu kutoka Magu, na kabla ya kufika mjini koili ikapasuka na kumwaga mafuta yake kama sufuria ya maharage iliyochemka. Nilipomweleza, alinijibu kwamba kitu kinachopata moto lazima ni kibovu. Nikamwuliza mke wake anapikia nini.

Hayo ya kuchekesha nayasema ili mpumue. Yanayofuata hayachekeshi sana.

Baada ya kambi nilifanya kazi kwenye yadi moja ya serikali hapa Mwanza, mimi na Doto, miaka mingi. Kisha ikaja miaka ya tisini na mambo yote yakawa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Yadi ilifungwa, tukapewa mkono wa kwaheri. Nikaweka meza yangu chini ya bati Ilemela. Doto, ambaye alikuwa na watoto wengi na subira kidogo, akaajiriwa na mfanyabiashara mmoja wa Mabatini. Jina lake nalijua vizuri, lakini sitalitia humu. Sote tulimwita Tajiri.

Sikatai kwamba ruksa ilileta mema. Sabuni ilirudi madukani, sukari ilirudi, na mtu aliweza kununua tairi bila kuandika barua ya maombi. Lakini kwenye spea tulifanywa wajinga. Maduka yalijaa maboksi yanayong'aa. Platini za kwenye maboksi hayo zilikuwa laini kama mshumaa, ukizitega leo, keshokutwa zimelala. Kondensa moja, kile kikopo kidogo kinacholinda platini zisiungue, ilinikataa asubuhi nzima mpaka nikaipasua kwa patasi, na ndani nikakuta gazeti lililoviringishwa, lenye maandishi ya nchi nisiyoijua. Mwenye duka nilipompelekea aliniambia kwamba boksi halikuwa na tatizo.

Jeshi nalo lilikuwa linapiga mnada malori yake ya zamani. Wafanyabiashara waliyagombania, maana vyama vya ushirika vilikuwa vimeachia pamba, na kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Mrusi alikunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda, lakini aliweza kupita mahali ambapo magari mengine yanageuza. Tajiri alinunua kadhaa. Na kitu cha kwanza alichofanya ni kuyavua nguo.

Ule wavu wa shaba aliukata vipande vipande, ukauzwa sokoni kama bangili za kutibu baridi yabisi. Nusu ya mabibi wa Mabatini walikuwa wamevaa waya za plagi mkononi. Makopo ya aluminiamu yalipelekwa kwa wasubu wa sufuria, wale wanaoyeyusha vyuma na kuvimimina upya. Mahali pake akafunga distributa za kiraia za malori ya aina ileile, yale ya kubebea mizigo mjini, distributa ambazo kofia zake za plastiki ziko wazi kwa vumbi na mvua. Spea zake zilipatikana kila duka. Lori likawaka vizuri kabisa kivulini, likapakwa rangi ya kijani, likauzwa kwa watu wa vijijini kwa maneno haya: gari la jeshi, linaingia majini kama kiboko.

Nilikwishakataa kumfanyia kazi hiyo. Doto hakukataa. Tulikuwa hatuzungumzi sana wakati huo.

Siku moja, mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa, alikuja mezani kwangu mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo na koti zito. Alijitambulisha kuwa ni Mzee Luhende, kutoka ng'ambo ya mto mmoja unaoingia kwenye mto Simiyu, kule mbali na barabara kuu ambako hakuna daraja.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa heshima ya Kisukuma, "nimeambiwa wewe unajua sauti ya gali. Twende unisikilizie letu."

Tukiwa njiani alinieleza. Mvua zikinyesha mto unawakata, hawafiki hospitali ya Magu wala mtu hawafikii. Mvua zilizopita mkwe wake alishikwa na uchungu, wakambeba kwa kitanda mpaka ukingoni. Alikaa pale anaitazama barabara ng'ambo ya maji, mpaka mtoto akafia tumboni. Baada ya hapo kijiji kizima kilikubaliana kumpelekea Tajiri pamba yao, na Tajiri awape lori la kuvukia. Aliyanena yale kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia.

Tulifika yadi ya Tajiri pale Mabatini. Lori limesimama katikati, linang'aa. Wanakijiji waliokuja na mzee walikuwa wamelizunguka, wanaligusa. Doto akawasha. Likanguruma vizuri, silinda zote nane zinaimba, mama mmoja akapiga kigelegele. Kwa masikio tu ningesema lichukueni muende.

Nikapanda bampa, nikafungua boneti. Kofia ya plastiki, iko wazi. Waya za plagi ziko uchi.

"Doto," nikasema, "kopo liko wapi?"

Alikuwa anafuta spana ambayo ilikuwa safi tayari.

Nilishuka nikaenda kwa mama lishe wa jirani, nikaazima ndoo yake na maji yake. Nilipoingia nayo getini, Doto aliiona, na najua aliielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Tajiri akanifuata mbio.

"Mama, unataka kufanya nini? Hiyo ni mali ya watu."

"Ndiyo. Watu wenyewe hao hapo. Mzee Luhende, unaniruhusu?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikamwaga.

Injini ilikohoa, ikapiga chafya kama siku ile kambini, ikazima. Ukasikika mvuke tu na matone. Doto alijaribu kuwasha, stata ikazunguka na kuzunguka, hakuna kitu.

Tajiri akacheka ili wengine wacheke. "Hata wewe mama ukimwagiwa maji umelala utashtuka. Nani anamwagia gari maji? Liacheni jua lilikaushe, litawaka tu."

"Mto wetu unakauka mwezi wa saba," Mzee Luhende akasema. "Mjamzito hangoji mwezi wa saba."

"Mzee wangu, tuelewane. Pamba imeshaondoka na treni. Gari ndilo hili. Kama hamlitaki, wapo wanaolitaka, na hilo la pamba tutazungumza pole pole."

Hapo ndipo nilipoona vizuri jinsi tulivyokuwa tunaibiwa mchana, bila panga wala bunduki. Wale watu hawakuwa na pa kwenda. Hapakuwa na chama tena cha kulalamikia, wala yadi ya serikali ya kwenda kukagua, na kila ofisi ingewajibu kwamba hayo ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi. Mama aliyepiga kigelegele alikuwa anafunga upya kanga yake, anatazama chini. Wangelichukua hivyohivyo. Mtu akiambiwa achague kati ya lori bovu na mto, atachukua lori.

Mzee Luhende akamsogelea Tajiri. Hakugomba. "Basi siku ya kwanza ya kuvuka, wewe utakuwa pamoja na sisi?"

Tajiri akatazama saa yake. "Mimi ni mfanyabiashara, mzee, siyo dereva."

Kisha Doto akaongea, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alikuwa anaitazama ile ndoo tupu.

"Kambini, fundi alikuwa anapanda madigadi."

"Unasema nini?" Tajiri akauliza.

"Nasema mimi nitapanda madigadi. Lakini sipandi na hii." Akapanda bampa, akaanza kuifungua ile distributa.

"Ukiigusa huna kazi hapa, Doto."

"Mkono wa kwaheri nilishapewa mara moja, bosi. Naujua ulivyo."

Akaing'oa, akaniwekea mkononi. Jamani, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kwa spana, vyote kwa pamoja.

Tulikwenda mbio kwa wasubu wa sufuria. Tanuri lao lilikuwa limeshika moto mwekundu, na kando yake lundo la aluminiamu linalongoja zamu, pistoni zilizokufa, fremu za madirisha, birika zilizotoboka. Doto alichimba kwa mikono yote miwili. Kopo moja la distributa lilikuwa mle, limebonyea ubavu lakini halijapasuka, na platini zake za jeshi bado ziko ndani. Msubu alitushangaa. Kwake lile kopo lilikuwa sufuria mbili ndogo. Tukambadilishia na pistoni kubwa iliyokufa tuliyoiokota yadini, akaridhika.

Tukarudi na kopo yadini, lakini wavu wa shaba hatukuutafuta. Hapa mkumbuke niliyowaambia kuhusu redio na maji. Kijiji cha Mzee Luhende hakikuwa na redio ya jeshi, kilikuwa na mto. Tulichukua mipira ya ndani ya baiskeli, tukaivisha kila waya wa plagi tangu kwenye kopo hadi kwenye plagi yenyewe, tukaifunga ncha zake kwa kamba za mpira zilizovutwa mpaka zikalia, na kila kiungo tukakipaka grisi. Bomba la kupumulia tukalirudisha kwenye chujio. Platini tukazisugua kwa msasa laini, na kwa kuwa geji yangu niliiacha Ilemela, Doto alipima nafasi yake kwa kadi ya paketi ya sigara, kama Sajini alivyotufundisha kwa siku za shida. Lori lilionekana kama limefungwa bandeji. Lilikuwa na sura mbaya mno.

Nilimwaga ndoo ya kwanza. Injini haikukohoa. Mzee Luhende akaomba amwage ya pili mwenyewe, polepole, pale juu kabisa ya distributa, akiitazama usoni kama anamnywesha mgonjwa. Injini ikaendelea kunguruma. Wanakijiji walipiga makofi. Tajiri alikuwa ameshaingia ofisini kwake.

Doto peke yake hakufurahi. Alikuwa anafuta mikono, anafuta tena.

"Kuna jingine," akaniambia. "Limetoka juzi. Kijiji cha juu zaidi kwenye mto huohuo."

"Ulilifunga nini?"

"Kama lilivyokuwa hili."

Tuliondoka na lori la Mzee Luhende lililokuwa linarudi kwao, mipira ya baiskeli imejaa kwenye gunia miguuni mwetu. Mvua ilitukuta kabla ya mto. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa mekundu, yanakwenda na matawi. Doto alishuka, akapanda madigadi ya kushoto. Nikapanda ya kulia. Dereva akaingia. Maji yalifika kwenye bampa, yakapanda, yakaingia kwenye viatu vyangu, nikayasikia yakigonga tumbo la injini, na ndani ya boneti cheche zilikuwa zinafanya kazi yake bila habari nasi. Tukatoka ng'ambo. Mzee Luhende alishuka akaigusa boneti kwa kiganja, akakiacha hapo muda mrefu.

Hatukukaa kula. Lilelile lori likatupeleka juu kando ya mto.

Ilikuwa siku ya gulio kwao. Lile lori jingine tuliliona kwa mbali, liko katikati ya mto, limeinama upande, maji yanapita juu ya boneti yake ya kijani. Watu walikuwa wamejaa ukingoni na kamba. Dereva wake alikuwa bado analia, akirudiarudia kwamba aliwasha mpaka betri ikafa. Lilizimika palepale maji yalipoigusa injini, na maji yakazidi kuja. Waliokuwa juu walivutwa mmoja mmoja. Mama mmoja na mwanawe wa mgongoni hawakuvutwa.

Sitaandika zaidi kuhusu mto huo.

Msibani Tajiri alikuja. Alileta mchele na sukari, akapewa kiti mbele, na ilipofika zamu ya kusema alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Alilisema kwa sauti nzuri, na watu wakaitika, maana watu wenye majonzi huitika. Ndipo Doto aliposimama kule nyuma kwa wanaume, bila kuitwa.

"Mungu hakutega ile platini," akasema. "Nimeitega mimi. Kwa amri ya huyu."

Tajiri alikaa kidogo kwa heshima, akaondoka. Hakuna ofisi iliyomwita, hakuna aliyemwuliza hata swali moja, na mwezi ule ule aliuza Mrusi mwingine. Nilikasirika siku ile na bado nimekasirika, na atakayeniambia kwamba wakati ule ndivyo biashara ilivyokuwa, namwomba aje aniambie akiwa amesimama ukingoni.

Doto hakurudi Mabatini. Mvua zile zote alizunguka na lile gunia la mipira ya baiskeli, kijiji hadi kijiji, akitafuta kila lori alilowahi kulifunga kofia ya plastiki. Alilifunga upya, akalimwagia ndoo, akapanda madigadi akavuka nalo. Wengine walimfukuza wakidhani ni mwizi wa spea. Alikuwa akirudi kesho yake. Mkwe wa Mzee Luhende alijifungua Magu mvua zilizofuata, na aliyekuwa madigadi ya kushoto siku hiyo alikuwa Doto, ingawa lori lile halikuhitaji tena kujaribiwa. Alifariki kwa ugonjwa miaka kadhaa baadaye, na karibu kila mzee wa kando ya mto ule alifika kumzika.

Nimeulizwa na vijana kama mimi ni adui wa vitu vipya. Siyo. Mfumo usio na platini ni mzuri, hauchoki, hauhitaji kadi ya sigara. Ningekuwa nao enzi zangu ningelala zaidi. Lakini maji ya ziwa hayajabadilika. Yanaingia kwenye kitu kipya kama yalivyoingia kwenye cha zamani, na wale watoto wa wageni watakaa juu ya lori wakiamini kwamba kuna mtu mzima aliyejaribu kabla yao. Tulipomaliza yale ya msibani, nilimwuliza Doto kwa nini alikubali ile kazi, wakati alijua. Alisema kila lori lilikuwa linawaka vizuri, na kila aliyelisikia alimsifu.

Kijana wangu wa Ilemela, ndoo nimeiweka mlangoni, njoo uichukue. Usiniletee tena habari kwamba gari linawaka. Niambie siku ya kuingia ziwani utakaa madigadi ya upande gani, na mimi nitapanda ya upande wa pili.